Mate ya Mjomba

Kazini wananiita Kinyaa, na sikatai. Mtu akikohoa karibu na sufuria, chakula hicho kwangu kimeshazikwa. Nikimwona mtu analamba kidole ili afungue gazeti, gazeti hilo silishiki tena hata kwa koleo. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo alifikaje kwenye kazi ya kulisha ndimi za watu?

Ndiyo, ndimi. Msinitolee macho, hatukuzikata nzima nzima. Watu wanakuja kwa hiari yao, wanakaa kwenye kiti, wanatoa ulimi nje, wanapakwa dawa ya ganzi, kisha Bosi anakwanyua vile vipele vidogo vya kwenye ncha kwa mkasi mdogo kuliko ukucha. Vipele hivyo vinatenganishwa mpaka zinabaki chembe hai peke yake, nazo zinatiwa kwenye chupa bapa ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu. Humo zinakula na kuzaana. Mwenye ulimi alishaondoka kitambo, pengine yuko kwake anagombana na mkewe, huku ulimi wake kwetu unaongezeka. Chakula chake ni maji ya rangi ya waridi yaliyotiwa majimaji ya damu ya ndama. Sisi tunayaita supu. Harufu yake ikikuingia puani, chai uliyokunywa asubuhi inaomba njia ya kurudi.

Kazi ya ndimi hizo ni kuonja kwa niaba yetu. Tunazigawa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vidogo, tunazitia rangi maalumu, kisha tunazidondoshea kitu kichungu. Zikiuonja uchungu, zinawaka kijani kwenye kioo cha mashine. Sisi tunatafuta cha kuzinyamazisha: kitu ambacho ukikichanganya na dawa chungu, ndimi zisiwake, zisijue hata kama zimeguswa. Bosi anavyo vitu vya kujaribu friji nzima, kila kimoja na namba yake. Siku akipata kinachofanya kazi, kitaingia kwenye dawa ya maji ya watoto, na watoto watakunywa bila vita.

Vita hiyo naijua mimi. Nina binti wa miaka minne, figo zake zinavuja. Tulimwita Mashavu tangu azaliwe, kwa uzuri wa mashavu yake. Ugonjwa ulipoingia ukamvimbisha uso mpaka macho yakafichika, na jina lile likageuka tusi mdomoni mwangu. Dawa yake ni ya kila asubuhi, na ni chungu, uchungu wa kukata utumbo. Nasaga vidonge, natia sukari, natia asali, natia maziwa, wapi! Anakaza meno. Nambana pua, anafungua mdomo, namimina, anameza, nashusha pumzi, na hapo hapo inarudi yote, shingoni kwangu, kifuani, mara nyingine mpaka ndani ya sidiria. Mimi Kinyaa huyu! Nasimama pale nimelowa matapishi ya vuguvugu, nalia kwa hasira, naye analia kwa kunionea huruma au kwa kunichukia, sijui.

Daktari wa watoto hakumung'unya maneno. "Mama," alisema, "siku anayotapika dawa ni siku ambayo hakunywa. Akizidi kuzikosa atavimba tena, na figo zikishachoka hazibembelezwi." Mchelea mwana kulia hulia yeye, nilijua, sikuhitaji kukumbushwa. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunalia wote wawili na dawa bado iko sakafuni.

Kwa hiyo kinyaa changu nilikitia mfukoni, nikazilisha ndimi za watu kwa bidii kuliko mtu yeyote. Aliyeniingiza kazini ni mjomba wangu, kaka wa mama, fundi mkuu wa maabara ile. Ndiye aliyenilea, na ndiye aliyetupa chumba mimi na Mashavu baba mtu alipoona ugonjwa umekuwa mrefu akakumbuka kwao. Mashavu anamwita Babu. Kazini Mjomba alisifiwa kwa mkono wake. Ndimi zikishajaa kwenye chupa lazima zigawanywe ziingie kwenye chupa mpya, na kazi hiyo wengine tukiifanya nusu yake zinakufa. Zake hazikufa. Alikuwa na sharti moja tu, agawe peke yake, mlango umefungwa. "Ndimi hazitaki kelele," alikuwa akisema, na sisi tukatii, maana fundi mzuri humwachii kasoro zake?

Siku namba kumi na saba ilipojaribiwa, Bosi alitoka kwenye chumba cha mashine akipiga vigelegele. Bosi huyu ni mama mzima, msomi, mtu wa kutembea na kalamu sikioni, na vigelegele kwake si jambo la kila siku. "Njooni muone giza!" alisema. Tukakimbia. Ile dawa ya figo, ile ile ya Mashavu, ilikuwa imedondoshwa kwenye ndimi pamoja na kumi na saba, na sahani nzima ilikuwa nyeusi. Hakuna hata kishimo kilichowaka.

"Tunatengeneza dawa ya maji yenye kumi na saba," alisema Bosi, "na watoto wachache wataanza kuinywa. Kinyaa, binti yako ndiye wa kwanza."

Niliinama pale pale nikalia. Mjomba alinipiga piga mgongoni akisema, "Basi mama, basi, yamekwisha."

Yalikuwa hayajaanza. Kumi na nane ilipojaribiwa, giza. Kumi na tisa, giza. Ishirini ilikuwa unga wa kawaida tu uliowekwa makusudi kwa sababu haufanyi chochote, nayo giza. Bosi akasema mashine inasumbua. Mimi sikuridhika. Asubuhi moja, kabla wengine hawajafika, nilizidondoshea ndimi ile dawa chungu peke yake, bila namba yoyote ya kuzinyamazisha. Nikakaa kwenye kioo nasubiri kijani. Palitokea vimulimuli viwili vitatu, vikazima. Hakuna kilichokuwa kimezinyamazisha ndimi zile, zilikuwa mahututi.

Kwa macho usingejua. Hata kwa darubini zilionekana nzima, na supu ilikuwa safi, haikuchachuka wala kutoa ukungu. Lakini siku ya kwanza kazini kila mtu hufundishwa habari ya vijidudu fulani vinavyoishi midomoni mwa watu, vidogo mno hata darubini yetu haivioni. Vikiingia kwenye chupa havifanyi fujo. Vinakaa na ndimi kama mpangaji asiyelipa kodi, vinakula supu yao kimya kimya, ndimi zinadhoofika mpaka zinasahau kazi yao. Ndiyo maana tunavaa barakoa. Vinaingiaje? Kwa mate.

Mate! Nywele zilinisimama. Mate ya nani? Nikaanza kuwapeleleza watu midomo. Anayepima dawa anatafuna kalamu, lakini hagusi chupa. Anayefagia anapiga chafya, lakini haingii kule ndani. Nilikesha na midomo ya wenzangu kichwani, fikiria mateso hayo kwa mtu kama mimi.

Siku nilipoupata mdomo wenyewe, sikuwa nautafuta. Nilirudi kutoka chakula cha mchana kuchukua glavu nilizosahau, nikasukuma mlango bila kufikiri. Mjomba alikuwa ameketi mbele ya chupa. Barakoa imeshushwa chini ya kidevu. Mdomoni ana mrija mrefu wa kioo, mashavu yamebonyea, anavuta ile supu ya ndama na ndimi za watu kama mtu anayekunywa soda kwenye harusi.

"Mjomba!"

Aliutoa mrija mdomoni taratibu, kwa adabu kabisa. Uzi wa mate ukafuata. Uzi, jamani! Ulinyooka kutoka mdomo wake wa chini hadi kwenye kioo, ukayumba, ukakatika, ukamwangukia kidevuni. Nilikimbilia karo nikaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hukupiga hodi," alisema.

"Hodi! Unanyonya ndimi za watu halafu unataka hodi?"

"Sinyonyi. Navuta. Mbona maneno makali hivyo? Na huku juu kuna pamba, tazama, haipiti kitu."

Alinielekezea ile pamba iliyoziba kichwa cha mrija. Mungu wangu! Ilikuwa na rangi ya chai, na ubavuni imenata punje ya mkate. Nikatazama upande mwingine.

"Mjomba, pampu ya umeme iko hapo. Imewekwa hapo kwa sababu ya watu kama wewe."

"Enzi zetu nani alikuwa na pampu? Tulifundishwa hivi, na ndimi zangu hazifi. Zenu mnazozibonyezea mashine ndizo zinazokufa."

"Hazifi, ila zote zinaumwa!"

Alinyoosha mkono wa kulia akaishika pampu, akaweka kidole gumba kwenye kitufe, akajaribu kubonyeza. Kidole hakikukunjika. Alikaza mpaka jasho likamtoka juu ya mdomo, na kidole kimesimama vile vile kama msumari. Sikuwahi kujua. Nyumba moja, meza moja, sikuwahi kujua.

"Kimeanza lini?"

"Kitambo. Nikimwambia Bosi, kesho niko nyumbani nafukuza nzi. Na wewe na mtoto mtakaa wapi, barabarani? Mpwa wangu, funika kombe mwanaharamu apite. Nitajifunza mkono wa kushoto."

"Na Mashavu atakunywa nini?"

"Si atakunywa kumi na saba?"

"Hakuna kumi na saba, Mjomba!" Nilipiga kelele mpaka kioo cha kabati kikalia. "Ndimi haziwaki kwa sababu zinaumwa mate yako. Ungezipa maji ya bomba zingetoa giza lile lile. Dawa atakayopewa mtoto ni chungu vile vile, imewekewa jina tu!"

Alikaa chini. Alipangusa kidevu kwa nyuma ya mkono, akautazama ule mrija, na kwa mara ya kwanza nikaona naye umemtia kinyaa. Hakuniomba tena nifunike kitu.

Nikaenda kwa Bosi moja kwa moja, kabla hasira haijapoa. Nilimkuta ofisini anakula yai la kuchemsha. Anakula taratibu, anauma nusu, anaitazama nusu iliyobaki, kiini cha njano kimemganda kwenye pembe ya mdomo. Nikamweleza yote isipokuwa jina la mtu. Nilisema ndimi zimeingiwa na vijidudu vya mate, kumi na saba ni uongo, tusitishe.

"Najua," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilizipima mwezi uliopita. Chupa zote zimeoza." Akachovya yai kwenye chumvi. "Na najua mate ni ya nani. Mtu hajifungii peke yake kila siku kwa sababu ndimi hazitaki kelele. Kaa, usisimame kama askari."

Sikukaa.

"Alhamisi wanakuja wafadhili," aliendelea. "Wakiona giza, wanatuongezea miaka. Tukishaipata, tunatupa chupa zote, tunakwanyua ndimi mpya, tunaitafuta kumi na saba ya kweli. Wakisikia tumechafua, wanafunga mlango, na hakuna mtu mwingine atakayehangaika na dawa ya watoto wetu. Hao wakubwa hawana mtoto anayekaza meno. Nafanya hivi kwa ajili ya watoto, Kinyaa. Kwa ajili ya mwanao."

"Na hao watakaoanza kuinywa wiki ijayo?"

"Haina madhara. Watainywa, wataitapika, kama kawaida yao."

Kama kawaida yao! Alisema hivyo, akatia nusu ya yai iliyobaki mdomoni. Nilimtazama anavyotafuna, ule unjano unapita pita kwenye meno, na nikahisi kitu ambacho uzi wa mate ya Mjomba haukunitia. Mate unanawa kwa sabuni, yanatoka. Huyu mwanamke alinifanya nitamani kujikuna ngozi yote. Miezi mitatu alikuwa akimbeba mwanangu kwenye mikutano, "mtoto wa mmoja wetu", watu wanainamisha vichwa kwa huruma, kumbe ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Ukipiga kelele," alisema bila kuinua macho, "mate ni ya mjomba wako. Mimi nitasema sikujua, na nani atabisha? Funga mlango ukitoka."

Sikuufunga. Ndiyo ushujaa wote niliokuwa nao siku hiyo.

Asubuhi iliyofuata Mashavu alitapika dawa tena, safari hii mpaka kwenye pazia. Uso ulikuwa umeanza kuumuka. Nilimbonyeza shavu kwa kidole, shimo likabaki. Mjomba alikuwa magotini anapangusa sakafu kwa kitambaa, kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia maneno ya Bosi pale pale, yote, mpaka yai. Nikamwambia kwamba yeye ndiye kifuniko: siku harufu itakapotoka watamwinua yeye na kumtupa. Na nikamwambia lile la "kama kawaida yao."

Mkono wake ulisimama kidogo juu ya sakafu, kisha ukaendelea. Alisuuza kitambaa kwenye ndoo, akakikamua kadiri alivyoweza. Nilisubiri atukane, au alie, au aniambie la kufanya, yeye si ndiye mkubwa?

"Alhamisi nitavaa koti safi," alisema.

"Ndiyo hilo tu, Mjomba?"

"Nipigie pasi."

Nilimpigia pasi huku nikiusonya kila mkunjo. Nilijua ameamua kunywea. Mtu mzima anayelinda ugali wake simlaumu, lakini kumtazama sikuweza.

Wafadhili walikuja watatu, wanaume wawili na mwanamke mrefu wa miwani ambaye ndiye aliyekuwa anauliza. Walivalishwa mifuko ya plastiki kwenye viatu, wakapitishwa kila chumba. Bosi alikuwa amejipodoa. Aliwasha mashine, akawaonyesha picha za zamani zenye kijani, kisha akawaonyesha giza la siku hiyo. "Dawa ile ile, uchungu ule ule," alisema, "lakini ulimi haujui." Wale wanaume wakapiga makofi. Juu ya meza palikuwa na chupa ndogo za dawa yenyewe zimepangwa, tayari kwa watoto, na ya mbele imeandikwa jina la mwanangu.

"Na siri ya mafanikio yetu ni mikono," alisema Bosi, furaha imemlevya. "Fundi wetu mkuu. Mzee, waonyeshe jinsi unavyogawa."

Nadhani alitaka Mjomba ashike tu chupa, apigwe picha. Mjomba alisogea mbele kwenye koti lake lililonyooka. Akavua barakoa, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Akachukua mrija wa kioo. Akautia mdomoni mbele ya wageni wote, akauchovya kwenye chupa, akavuta.

"Lo!" alisema yule wa miwani. Mmoja wa wanaume akacheka, akidhani ni mzaha, kisha alipoona supu inapanda kwenye kioo kuelekea midomo ya mzee, kicheko kikamkauka.

Mjomba aliachia supu kwenye chupa ya pili, tone kwa tone, mkono haukutetemeka. Kisha akapangusa mdomo.

"Hivi ndivyo ninavyogawa," alisema. "Kwa mdomo, kila chupa, tangu kidole changu kilipokufa. Ndimi hizi zinaumwa mate yangu, wageni. Hata ukizipa nyongo haziwaki. Hilo giza mnalolipigia makofi ni mimi. Na Bosi anajua."

Bosi akacheka, kile kicheko cha kukaribisha wageni. "Mzee wetu huyu mtani kweli kweli! Uzee tu. Kumi na saba inafanya kazi, nawahakikishia."

Basi damu ikanichemka. Nilipita katikati yao nikachukua ile chupa yenye jina la mwanangu. "Kama inafanya kazi, onja, Bosi."

"Humu ndani hairuhusiwi kuonja kitu chochote, unajua sheria."

"Basi tutoke nje."

"Usinivunjie heshima, Kinyaa."

"Mimi naona ni wazo zuri," alisema yule wa miwani, na tayari alikuwa anavua mifuko ya viatu.

Tukatoka wote, tukapita ukumbini mpaka kwenye ngazi za mbele, kwenye jua kali la mchana. Nilimimina kifuniko kimoja, kipimo cha mtoto, kisichomdhuru mtu. Bosi alinitazama kwa jicho ambalo lingeweza kunyausha mti, kisha akapiga moyo konde, akabwaga yote mdomoni kwa mara moja.

Alijitahidi, lazima niseme. Alifunga midomo, akatabasamu nayo ikiwa imefungwa. Shingo ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Macho yakaanza kumeta.

"Vipi?" aliuliza yule wa miwani.

Bosi akatikisa kichwa kwamba ni tamu.

"Tuambie kwa mdomo."

Hakuweza kuufungua. Mate yalikuwa yamemjaa, yakaanza kuchungulia kwenye pembe za midomo, pale pale lilipokaa yai, yakashuka mpaka kidevuni. Akakohoa mara moja, kwa pua. Na hapo ikarudi yote, njia ya mdomo na njia ya pua, ikamwagikia koti jeupe, kalamu, mkufu, viatu. Msomi mzima aliinama kwenye ngazi akitema ptuu, ptuu, anakwangua ulimi kwa kucha. Nilikuwa nimengoja kucheka. Sikucheka. Nilikuwa naona jinsi mwanangu anavyokuwa kila asubuhi ninapombana pua, na nilijichukia, nikamchukia na Bosi, nikachukia mpaka jua.

Wageni waliondoka bila chai. Mjomba aliweka funguo kwenye meza, akaning'iniza koti, akaenda nyumbani kwa miguu. Kabla wiki haijaisha barua ya kufungwa kwa mradi ilikuwa imefika. Mimi niliambiwa nibaki kidogo kwa sababu lazima mtu aziue ndimi. Nilizimiminia klorini chupa baada ya chupa. Ile rangi ya waridi inapauka, zinaachia ukuta wa chupa, zinaelea ngozi ngozi kama mtindi uliokatika. Ndimi za watu wema waliokaa kwenye kiti wakavumilia mkasi. Friji nayo ikazimwa. Kama kweli kumi na saba ilikuwa na kitu, au sitini, au mia na nne, hakuna atakayejua. Bosi alikuwa mwongo, lakini hilo moja alisema kweli: hakuna mwingine aliyekuja kuhangaika.

Kwa hiyo kulipokucha tulirudi pale pale. Mashavu uso umeumuka, jicho moja limekuwa mstari. Vidonge vimesagwa kikombeni, kijiko kiko mkononi mwangu, naye amekaza meno na machozi yanamtoka hata kabla sijamgusa. Nilinyoosha mkono kwenye pua yake, mkono ukakataa. Nilimwona tena Bosi akitema kwenye ngazi. Nikasimama na kijiko kama mjinga.

Mjomba alikuwa ameketi kwenye mkeka, hana kazi, hana pa kwenda, shati limefunguliwa vifungo. "Lete hapa," alisema. Akachukua kijiko na kikombe. "Ngoja kwanza Babu aonje. Babu haogopi."

Akakichovya ncha tu kikombeni, akakitia mdomoni, akakinyonya. Mara uso ulikunjamana wote, macho yakageuka, ulimi ukatoka nje mpaka kidevuni, miguu ikapiga sakafu, akajitupa chali akagaagaa kama kuku aliyechinjwa. Nusu alikuwa anaigiza na nusu hakuwa anaigiza. Mashavu akaacha kulia. Akamtazama. Kisha akacheka, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu ugonjwa uingie.

"Chungu, Babu?"

"We! Hii siyo dawa, hii ni laana. Mimi nimeshindwa. Wewe ndiyo kabisa huwezi."

"Naweza."

"Huwezi, mdogo sana wewe."

"Naweza, nipe!"

Na Mjomba, kijiko kinang'aa mate yake, mate yale yale, nayajua, nimeyaona kwenye mwanga, akachota nacho dawa yote ya mwanangu bila kukipangusa. Kila unywele mwilini mwangu ulipiga kelele. Nilishanyoosha mkono nimpokonye. Mashavu alifungua mdomo mwenyewe, mpana, bila kubanwa, bila kushikwa, akakifumba juu ya kijiko kile na kumeza, kisha akajitupa chali kando ya Babu yake, wakagaagaa wote wawili.

Mimi nilishakimbilia jikoni. Niliinama kwenye karo, chai na mkate vikatoka mpaka nyongo. Nyuma yangu nilisikia vicheko, kisha kimya, na mimi nikangoja ile sauti ninayoijua ya dawa kurudi. Haikuja.

"Imekaa!" Mjomba alipiga kelele kutoka sebuleni. "Mpwa wangu, unasikia? Imekaa yote!"

Nilisikia. Nilitaka kumjibu, lakini nilikuwa bado natapika, na machozi ya furaha yananiingia mdomoni.